Kupunguza gesi hakuongezi shabaha

Keti kijiweni Nairobi na mzee aliyewahi kubeba SLR, bunduki ya kijeshi, utaambiwa: punguza gesi ya baruti inayoiendesha, risasi iende sawasawa. Sivyo. Katika FN FAL ya Ubelgiji, mama wa SLR, risasi hukaa ndani ya mtutu kwa takriban sekunde 0.001, na huwa imeshatoka kabla bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, haijafunguka. Kidhibiti cha gesi huamua tu pistoni, chuma kinachoisukuma bolti nyuma, isukumwe kwa nguvu kiasi gani. Gesi ikipungua mno, ganda la risasi hukwama. Ikizidi, bunduki huruka na vyuma huchakaa. Nadhani ndipo wazee walipochanganya: bunduki tulivu hurudi haraka kwenye shabaha, ikadhaniwa imenyooka zaidi. Mtutu usiochakaa, risasi za aina moja na kidole kisichoshtua triga vina umuhimu mkubwa zaidi.