Seli T: si zote ni za kuua

Dhana: Seli T huzunguka mwilini zikimeza vijidudu.

Wanaomeza ni wengine, wakiwemo makrofaji, chembe nyeupe kubwa za damu. Seli T nazo ni chembe nyeupe za damu, ila nyingi hazina hata uwezo wa kukitambua kirusi kinachoelea peke yake. Zinachosoma ni vipande vya protini vilivyoanikwa juu ya seli za mwili, vikiwa vimeshikwa na molekuli za MHC. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty waliligundua hilo miaka ya 1970, wakatunukiwa Nobel mwaka 1996.

Seli T muuaji, ile yenye alama ya CD8, ikikuta kipande cha kirusi, hugandana na seli iliyokianika. Humwaga perforini, protini inayotoboa utando, kisha vimeng'enya viitwavyo granzaimu hupenya na kuilazimisha seli ile ijiue. Muuaji hujibandua akasaka nyingine. Kwa hiyo kinachouawa ni seli yako mwenyewe, iliyokwisha kugeuzwa kiwanda cha virusi.

Dhana: CD4 ni mambo ya wenye VVU.

Kila mtu anazo. Mtu mzima mwenye afya huwa na takriban seli 500 hadi 1,500 za CD4 katika kila milimita ya ujazo ya damu. CD4 yenyewe ni protini iliyo juu ya seli T saidizi, nayo ndiyo VVU hujishikiza ili kuingia. Nyingi ya seli hizi haziui. Hutoa saitokini, yaani protini za kupashana habari kati ya seli, huchochea seli B (chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili) zitengeneze kingamwili bora na huwapa nguvu wale wauaji wa CD8. Ndiyo maana zikishuka chini ya 200 magonjwa nyemelezi hupata upenyo, ijapokuwa seli B bado zipo.

Dhana: Kinga kadiri inavyokuwa kali ndivyo inavyofaa.

Wauza vidonge vya "kuongeza kinga" wanaipenda sana hii. Seli T hukomaa katika tezi ya thimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, na zilizo nyingi hufia humo humo, baadhi kwa sababu zingeushambulia mwili. Mchujo huo una matundu. Zinazoponyoka hudhibitiwa na seli T dhibiti, ambazo Shimon Sakaguchi alizielezea mwaka 1995. Mtoto akizaliwa na hitilafu katika jeni ya FOXP3, inayoziunda seli hizo, hupata ugonjwa wa IPEX: kuhara kusikokoma, ukurutu, na kisukari cha aina ya kwanza angali mchanga. Kinga yake haikupungua hata kidogo, imekosa breki. Kwa kazi ya kuifichua breki hiyo Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Nobel ya mwaka 2025.

Dhana: Kingamwili zikipungua, kinga imekwisha.

Si lazima. Seli T za kumbukumbu hubaki. Waliopona ugonjwa wa mapafu wa SARS wa 2003 walipopimwa miaka 17 baadaye, bado walikuwa na seli T zinazokitambua kirusi kile. Haziwezi kukizuia kirusi kisiingie, lakini kikiingia huamka mapema kuliko mara ya kwanza, na mara nyingi ugonjwa huwa mwepesi.