Auksilia: nusu ya jeshi la Roma isiyoonekana kwenye filamu

Askari wa Roma wa kwenye filamu ni yule yule kila mara: ngao ya mstatili iliyopinda, mabamba ya chuma kifuani, mkuki wa kurusha. Huyo ni askari wa legioni, kikosi kikubwa cha raia wa Roma. Kwenye mpaka wa kaskazini, kuanzia mto Rhine na Danube hadi milima ya Scotland, aliyetangulia kukabiliana na adui mara nyingi alikuwa mwingine: mtu asiye raia, wa vikosi vilivyoitwa auksilia. Mwanahistoria Tacitus, akihesabu majeshi ya mwaka 23 BK, anataja legioni 25, kisha anasema auksilia walikaribia nguvu hiyo hiyo. Walikuwa na kohorti (vikosi vya watu mia kadhaa) za askari wa miguu, ala za wapanda farasi (kwa Kilatini ala ni bawa, haihusiani na ala ya kisu), na kohorti za mchanganyiko.

Dhana: Walikuwa watumwa waliosukumwa vitani

Hapana. Mtumwa hakuruhusiwa kabisa kuingia jeshini, na aliyejiandikisha kwa hiari huku akificha hali yake alistahili kifo. Auksilia walikuwa watu huru wa majimbo na makabila yaliyo chini ya Roma. Kulazimishwa kulikuwepo, hilo tusilifiche. Kohorti moja ya Wausipi, walioandikishwa Ujerumani na kupelekwa Britania, iliwaua akida wake na askari waliopewa kuwafundisha, ikateka meli tatu na kutorokea baharini.

Dhana: Walirusha mishale tu, kisha legioni ikapigana

Mfano mzuri wa kuivunja dhana hii ni Mons Graupius, kaskazini mwa Scotland, mwaka 83 BK. Agricola, gavana wa Britania, alipanga auksilia 8,000 wa miguu katikati ya mstari na wapanda farasi 3,000 pembeni. Legioni zilikaa nyuma, mbele ya boma la kambi. Wakaledonia, wenyeji wa huko, zaidi ya 30,000 kwa hesabu ya Tacitus, walijipanga kwenye mteremko, magari yao ya farasi yakizunguka uwandani.

Kwanza pande zote zilirushiana mikuki, na hapo Wakaledonia hawakuwa wanyonge; waliipangua kwa panga na ngao zao. Ndipo Agricola akaamuru kohorti za Wabatavi, pamoja na mbili za Watungri (makabila ya upande wa mto Rhine), zisogee zipigane ana kwa ana. Sababu ilikuwa katika silaha zenyewe. Upanga wa Mkaledonia ulikuwa mrefu, usio na ncha, wa kufyeka. Upanga wa namna hiyo unataka nafasi ya kuinua mkono, na ngao ndogo haikingi mwili ukisongwa. Mbatavi alisogea hadi nafasi ile ikaisha, akamgonga adui kwa kitovu cha chuma cha ngao, akamchoma usoni. Kwenye msongamano, anayechoma humshinda anayefyeka.

Mambo hayakwenda sawa yote. Wapanda farasi walipokwisha kuyatimua magari waliingia kwenye vita ya miguu, wakakwama kwenye umati na ardhi mbaya ya mteremko, huku farasi waliopoteza waendeshaji wakiparamia watu ovyo. Wakaledonia waliobaki juu ya kilima wakaanza kushuka ili wazunguke nyuma. Agricola alikuwa ameweka akiba ala nne kwa jambo hilo hilo. Zikawapiga, kisha zikazunguka zenyewe nyuma ya adui. Kwenye msitu, baadhi ya wapanda farasi walishuka na kupekua kwa miguu palipokuwa na vichaka.

Tacitus anatoa hesabu ya adui 10,000 waliouawa dhidi ya 360 wa Roma, mmoja wao mkuu wa kohorti, Aulus Atticus, aliyebebwa na farasi wake hadi katikati ya adui. Agricola alikuwa baba mkwe wa Tacitus, kwa hiyo ile elfu kumi ichukue kwa tahadhari. Jambo lisilo na utata ni kwamba legioni hazikuhitajika.

Dhana: Basi walikuwa kafara tu

Hii ina chembe ya ukweli. Tacitus mwenyewe anasema ushindi ungekuwa na fahari kubwa bila damu ya Kirumi kumwagika. Lakini sentensi hiyo hiyo ina nusu ya pili: legioni ziwe msaada endapo auksilia watarudishwa nyuma. Jemadari hamweki katikati ya mstari mtu asiyemwamini, maana katikati ikivunjika, kila kitu kimevunjika. Dharau ya damu na imani katika ufundi vilikaa kichwani mwa jemadari mmoja bila kugombana.

Dhana: Silaha zao zilikuwa duni

Askari wa kohorti alivaa deraya ya pete za chuma zilizosukwa, yenye uzito wa kilo 10 hivi, na chapeo ya chuma au shaba. Askari wengi wa legioni walivaa deraya ya aina hiyo hiyo. Tofauti iliyoonekana haraka ni ngao: ya auksilia ilikuwa bapa, aghalabu ya duaradufu. Wapanda farasi walitumia upanga mrefu zaidi, kwa sababu juu ya farasi unahitaji kufikia chini. Kwenye Nguzo ya Traiano mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113 baada ya vita vya Dacia (Romania ya leo), legioni zinaonekana sana zikikata miti na kujenga ngome, huku auksilia wakionekana sana wakipigana.

Kuhusu malipo, makadirio yanayokubaliwa na wengi ni kwamba askari wa miguu wa kohorti alipata sehemu tano kati ya sita za mshahara wa askari wa legioni. Mpanda farasi wa ala alimzidi hata huyo wa legioni.

Dhana: Kohorti ya “elfu” ilikuwa na watu elfu

Kohorti ya kawaida iliitwa “ya mia tano”: senturia 6 za watu 80, yaani 480. Ile “ya elfu” ilikuwa na senturia 10, yaani 800. Hiyo ni kwenye karatasi. Kule Vindolanda, ngome ya kaskazini mwa Uingereza, kusini kidogo ya mahali ulipojengwa baadaye Ukuta wa Hadrian, ulipatikana ubao mwembamba wenye taarifa ya Kohorti ya Kwanza ya Watungri, ya tarehe 18 Mei, miaka ya 90 BK. Jumla: 752. Wasiokuwepo: 456, wakiwemo 337 waliokuwa kituo cha Coria na 46 wa ulinzi wa gavana. Waliobaki ngomeni: 296. Kati yao wagonjwa 15, majeruhi 6, wenye macho mabovu 10. Wanaofaa kazi: 265, na akida mmoja tu kati ya sita.

Anayechora ramani ya vita kwa kuzidisha idadi ya kohorti mara 1,000 na akumbuke ubao huo.

Dhana: Walikuwa wasaliti kwa asili yao

Ushahidi unaotajwa ni mzito. Arminius wa Wacherusci, kabila la Kijerumani, aliyemaliza legioni tatu za jemadari Varus mwaka 9 BK, alikuwa ameongoza auksilia na alikuwa raia wa Roma. Mwaka 69 Julius Civilis, Mbatavi aliyelitumikia jeshi miaka 25, aliongoza uasi. Kohorti nane za Wabatavi zilijiunga naye, zikiipiga legioni iliyotaka kuzizuia pale Bonn, na kambi ya Vetera ikajisalimisha kwa njaa.

Chanzo chake hakikuwa damu. Wabatavi hawakulipa kodi. Walilipa kwa watu. Waandikishaji walipoanza kuwakamata wazee na wagonjwa ili wahongwe kuwaachilia, na kuchukua vijana wa kiume kwa uchafu, mkataba ulikufa. Kohorti zilikuwa za kabila moja, chini ya machifu wake na karibu na nyumbani, kwa hiyo hasira ya kijiji ilifika kambini siku chache tu.

Sasa hesabu miaka: kutoka uasi huo hadi Mons Graupius ni 13 au 14. Wabatavi waliowekwa katikati ya mstari ni wa kabila lile lile. Roma iliwapeleka Britania, mbali na kwao, ila haikuwaondolea wakubwa wa kwao. Mkuu wa Kohorti ya Tisa ya Wabatavi pale Vindolanda, Flavius Cerialis, kwa dalili zote alikuwa Mbatavi. Barua moja aliyopokea kutoka kwa Masclus, ofisa wa chini yake, inauliza amri ya kesho, kisha inaomba: wenzangu hawana bia, agiza iletwe.

Dhana: Uraia ulikuja haraka

Miaka 25, kama hukufa kwanza. Baada ya hapo askari angeweza kupata cheti cha mabamba mawili ya shaba yaliyofungwa kwa waya na kutiwa mihuri ya mashahidi saba. Maandishi yalichongwa ndani na kurudiwa nje: unasoma ya nje, na ukitilia shaka unavunja mihuri kuona ya ndani. Wenye fedha walikuwa na njia fupi. Klaudio Lisia, mkuu wa kikosi Yerusalemu katika Matendo ya Mitume, alimwambia Paulo kuwa uraia wake aliununua kwa mali nyingi. Na askari wake walikuwa auksilia, kwa kuwa Uyahudi haukuwa na legioni wakati huo.

Dhana: Jina la kikosi linataja asili ya askari

Linataja kilipoanzishwa. Baada ya vizazi viwili nafasi zilijazwa na vijana wa jirani na kambi, na Kohorti ya Watungri ingeweza kuwa na Watungri wachache mno. Hata hivyo watu wa mbali walifika kweli: katika karne ya 3 kikosi cha Wamauri, kilichoanzishwa Afrika Kaskazini, kilikaa Burgh-by-Sands, karibu na mwisho wa magharibi wa Ukuta wa Hadrian.