Mgombea Wako Ameanguka Kwenye Mchujo: Je, Utabaki Nyumbani?

Katika mchujo wa NRM, yaani kura ya ndani ambayo chama hiki tawala cha Uganda huitumia kupata wagombea wake, wanachama hujipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Kijiji kizima kinaona umesimama wapi: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), shemeji yako, hata mwenye duka anayekukopesha sukari. Mgombea wako akishindwa, nawe umeshindwa hadharani, na pengine unaamini kwamba mstari mfupi ndio uliotangazwa mshindi. Safari hii mchujo wa wabunge ulifanyika Julai 2025, na uchaguzi mkuu Januari 2026. Miezi sita ni michache kwa kidonda cha namna hiyo.

Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa Erie County, Ohio, nchini Marekani. Waliona kwamba mtu anayevutwa huku na jamaa zake na kule na wenzake wa kazini huchelewa kuamua, hamu ya siasa humpungua, na wengine hawafiki kituoni kabisa. Hapa Uganda, mfikirie mwanachama wa FDC, chama cha upinzani, aliyekuwamo tangu 2004. Mwaka 2023 chama kiligawanyika, kundi moja likaitwa la Najjanankumbi na jingine la Katonga, kwa majina ya mahali zilipo ofisi zao Kampala, na baadaye watu wa Katonga wakaanzisha chama kipya, PFF. Afuate ufunguo, alama ya FDC aliyoizoea, au watu aliowaamini?

Lakini hasira haimzuii kila mtu nyumbani. Kifungu cha 72 cha Katiba kinaruhusu mtu kugombea bila chama, na wengi walioanguka kwenye mchujo wamepita mlango huo. Wabunge huru walikuwa 43 baada ya uchaguzi wa 2011, 66 mwaka 2016, na zaidi ya 70 mwaka 2021. Kwa maoni yangu, mpiga kura anayepotea hasa ni yule ambaye mgombea wake alijitoa kimya kimya, asirudi kuwaeleza waliosimama nyuma yake.

Tusiutwike mchujo mzigo wote, hata hivyo. Waliojitokeza kupiga kura katika uchaguzi mkuu walikuwa karibu asilimia 69 mwaka 2006, wakashuka hadi 59 mwaka 2011 baada ya mchujo wenye vurugu nyingi wa 2010. Mwaka 2016 walipanda tena, ingawa ugomvi wa mchujo haukuwa umekwisha. Januari 2026 walikuwa asilimia 52 na ushei. Hofu nayo imo, na kukata tamaa kwamba kura haibadilishi kitu.

Kuna jambo moja ambalo aliyenuna husahau. Rais na wabunge huchaguliwa siku moja, na kila mmoja ana karatasi yake: rais, mbunge wa jimbo, mbunge mwanamke wa wilaya. Hakuna sheria inayokulazimisha kuchagua chama kimoja kwenye zote tatu. Ukibaki nyumbani kwa sababu ya mgombea ubunge mmoja, umeziacha na zile mbili nyingine. Vituo hufungwa saa kumi jioni, lakini ukiwa tayari kwenye foleni saa hiyo, una haki ya kupiga kura.