Kongwa: mji wa karanga, ng'ombe na wapigania uhuru

Ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, ukifika Mbande, iache barabara kuu ushike njia ya Mpwapwa. Muda si mrefu utaingia Kongwa. Wasafiri wengi hupita hapo Mbande bila kugeuza shingo. Sisi tunaoshughulika na malikale tunasikitika, kwa sababu ni miji michache ya wakulima nchini yenye historia nzito kama hii.

Hii ni nchi ya Wagogo, wafugaji na wakulima wa uwele na mtama, waliokuwa wakijenga tembe, nyumba za paa bapa la udongo. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na haiaminiki. Uwele huvumilia hali hiyo, nao mifugo ndiyo akiba ya mwaka mbaya.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha hapa mradi wa karanga. Shabaha ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa mashine za kulimia. Reli ikavutwa hadi Kongwa. Mwaka wa kwanza walipanga kufyeka ekari 150,000 za pori. Zilizopatikana hazikufika 10,000. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe, nyuki wa kwenye mibuyu wakawashambulia vibarua, na mchanga mkali ukayala makali ya vyuma. Baya zaidi, udongo wenyewe ukishapigwa na jua la kiangazi huwa mgumu kama saruji, na karanga huzaa chini ya ardhi: kuzichimbua ikawa kazi nzito kuliko kuzipanda. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa lilikuwa kuharakisha. Mpango wa ukubwa huo ulitakiwa kuanza na mashamba machache ya majaribio, na kuwasikiliza watu waliozijua mvua za hapa kwa vizazi.

Nyasi zikafaa pale karanga zilipokataa. Kongwa leo ina ranchi ya taifa ya ng'ombe na kituo cha utafiti wa malisho. Wilayani humo pia liko soko la nafaka la Kibaigwa, kando ya barabara kuu. Fika msimu wa mavuno uone malori yakipakia mahindi, alizeti na mtama. Ni mahali pazuri pa kumwelewa mkulima wa Dodoma.

Lakini ukiniuliza mgeni aanzie wapi, nitamwambia kambi ya wapigania uhuru. Katikati ya miaka ya 1960, karibu na stesheni ya reli iliyoachwa na mradi, Tanzania iliwapa hifadhi wapiganaji wa vyama vya ukombozi: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Samora Machel aliongoza kambi ya FRELIMO hapa kabla hajawa rais wa Msumbiji. Chris Hani, mpiganaji wa ANC kutoka Afrika Kusini, aliishi hapa pia. Wanamgambo wa SWAPO waliopigana Omugulugwombashe Agosti 1966, vita vilivyofungua mapambano ya silaha Namibia, walipitia Kongwa.

Wapo wapiganaji waliozikwa hapa, mbali na makwao. Ingia makaburini kwa heshima, na usiondoke na kipande chochote cha chuma wala tofali la zamani kama kumbukumbu. Kabla ya kuzunguka, pita ofisi ya halmashauri umwone afisa utamaduni, kisha omba kukutanishwa na wazee. Baadhi yao walikua wakiwaona wapiganaji hao mitaani, na wengi wa wazee hao hawajaulizwa lolote na mtu yeyote mwenye daftari. Nenda nalo.