Je, wajua kwanini OpenOffice ilizaa LibreOffice?

Ukifungua laptop yenye Ubuntu, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, unaweza kukuta LibreOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga mahesabu, na wengi mpaka leo wanadhani ni ileile OpenOffice imebadilishwa jina tu. Wapi! Huo ulikuwa ugomvi, na kilichogombaniwa ni nani mwenye kauli.

Mwaka 1999 Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni ya Kijerumani, Star Division, iliyotengeneza programu ya ofisi ya StarOffice. Mwaka 2000 ikauweka msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, hadharani, ndo ikazaliwa OpenOffice.org. Watu walichangamka kwelikweli, hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa toleo la Kiswahili mwaka 2004, Jambo OpenOffice.

Sasa kuuachia msimbo ndo ilikuwa kazi nyepesi. Sun ilibaki na jina, ikabaki na seva, na kuna karatasi pia ambayo ndo iliuma zaidi: ukitaka ulichoandika kiingizwe kwenye programu, unasaini kwanza kwamba hakimiliki yake ni yenu wote wawili, wewe na Sun. Yaani umekesha bure unarekebisha, halafu Sun inaruhusiwa kuiuza kazi yako ndani ya StarOffice ya kulipia, ila wewe kwa msimbo wa Sun huna ruhusa kama hiyo. Ni nyumba ya kukaa bure ambayo hati yake iko kabatini kwa mwingine, halafu ukipaka rangi na rangi nayo inaandikwa kwenye hati. Kampuni ilikuwa na hoja yake, mwenye hakimiliki yote anaweza kubadili leseni bila kumtafuta kila aliyechangia, sikatai. Ila madevelopa kadhaa, wakiwemo wa kampuni ya Novell, walichoka kusubiri marekebisho yao yakubaliwe wakawa wanayakusanya pembeni, kwenye toleo lao la Go-oo.

Januari 2010 kampuni ya Oracle ikaimeza Sun, na hati ikahamia kwa mtu ambaye hakuna mchangiaji aliyemchagua. Septemba mwaka huohuo kundi la wachangiaji likatangaza taasisi yao, The Document Foundation, wakaialika Oracle ijiunge na iwape lile jina. LibreOffice lilikuwa jina la muda tu wakati wanasubiri jibu! Jibu likaja Oktoba kwenye kikao cha baraza la jumuiya ya OpenOffice, kikao chenyewe cha kuchati mtandaoni: walioko kwenye taasisi mpya waachie viti, wana mgongano wa maslahi. Unaambiwa utoke kwenye baraza la mradi ulioujenga mwenyewe, na anayekwambia yuko mle kwa mshahara wa kampuni.

Wakaondoka na nakala ya msimbo, leseni inaruhusu, jina likabaki. Ubuntu na mifumo mingine ya Linux kama Debian na Fedora wote wakahamia LibreOffice. Aprili 2011 Oracle ikatangaza kujitoa, lakini Juni ilipoachia msimbo na jina haikuwapa hao, ikawapa taasisi nyingine, Apache Software Foundation. Na leseni ya Apache ikaleta kituko kingine, LibreOffice wanaweza kuchukua kazi ya Apache OpenOffice ila Apache hawawezi kuchukua ya LibreOffice, kwahiyo kila mwaka pengo linakuwa kubwa zaidi huku watu wakiendelea kupakua OpenOffice kwa sababu ndo jina wanalolijua. Oktoba 2020 Document Foundation waliwaandikia Apache barua ya wazi, wakiwaomba wawaambie watumiaji wao kwamba LibreOffice ipo.