Maji ya Rangi ya Ukili, Nuru na Chembe za Nano: Maswali na Majibu

Swali: Hapa Mikindani tunachemsha ukili katika rangi za unga za dukani, kisha maji yanayobaki tunayamwaga uani, karibu na kisima. Je, yana madhara?

Jibu: Yanaweza kuwa nayo. Rangi nyingi za viwandani ni za jamii ya azo (kemikali zenye atomi mbili za nitrojeni zilizoungana), zilizotengenezwa makusudi zisipauke upesi wala kuchujuka, na uimara huo unaoupendezesha mkeka ndio unaozifanya zikawie kuoza ardhini. Baadhi yake, zikivunjwa na bakteria mahali pasipo na hewa, huacha kemikali kama benzidini, ambayo husababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Si rangi zote zilivyo hivyo, ila pakiti isiyo na maelezo haimwambii mnunuzi ameshika ipi.

Swali: Nuru na nanoteknolojia huiondoaje rangi majini?

Jibu: Hutumika chembe zisizozidi nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), aghalabu za dioksidi ya titani, ile ile inayotia weupe katika rangi za kupaka nyumba. Mionzi ya urujuanimno, ile nuru ya jua isiyoonekana kwa macho, ikiipiga chembe, elektroni huchomoka na kuacha pengo, na viwili hivyo vikikutana na oksijeni na maji huzaa haidroksili huru, yaani vipande vya oksijeni na hidrojeni vinavyoshambulia kila kilicho karibu, kali kiasi cha kuikatakata molekuli ya rangi hadi ibaki kabonidioksaidi, maji na chumvichumvi. Chembe yenyewe haiishi, hurudia kazi.

Swali: Jua la kwetu ni kali. Kuyaanika maji hayo kwenye beseni hakutoshi?

Jibu: Hakutoshi. Urujuanimno ni takriban asilimia 5 tu ya nguvu ya jua, na maji yaliyokolea huizuia: tumbukiza kijiko katika sufuria ya rangi nyekundu, kitapotea machoni kabla hakijagusa chini, na nuru nayo hukomea hapo hapo juu. Zaidi ya hayo, maji kupauka si maji kusafika, kwa kuwa vipande vya molekuli iliyovunjika nusu havina rangi, na vingine ni sumu. Kipimo cha maabara ndicho kinachoamua, si jicho.

Swali: Basi niutie unga huo wa dioksidi ya titani kisimani?

Jibu: Hasha. Chembe hizo ni shida kuzichuja, ndiyo maana watafiti huzigandisha juu ya kioo au mchanga. Kwa sasa, rudieni kuchovya ukili katika maji yale yale hadi rangi ififie, vaeni glavu, mwageni mabaki mbali na kisima, upande wa mteremkoni, na sufuria hiyo isipikiwe chakula tena.