Rejista ya Windows kwa Python: andika kidogo, andika mahali pake

Programu ninazotengenezea maduka na famasi za hapa Lubumbashi huwa na mambo madogo ya kukumbuka: printa ya risiti ni ipi, faili ya data iko wapi, dola leo ni faranga ngapi. Hayo ninayaweka kwenye rejista ya Windows, yaani ghala ambamo Windows na programu zake hutunza mipangilio. Mauzo na stoku siweki humo hata siku moja. Hayo ni ya hifadhidata.

Kwa Python kazi hii inafanywa na maktaba ya winreg, inayokuja na Python yenyewe ya Windows, hivyo huhitaji intaneti kuipata. Ni maktaba nyembamba: inapitisha ombi lako kwa Windows jinsi lilivyo na haikukingi na chochote.

Vijana wengi wanakwama mapema. Wanafungua ufunguo (kama folda ndani ya rejista) kwa OpenKey, wanaita SetValueEx ili kuandika, wanapata PermissionError, yaani kosa la kukosa ruhusa, kisha wanamwambia mteja aendeshe programu kama msimamizi. Si lazima! OpenKey usipoiambia kitu hufungua kwa kusoma tu. Omba KEY_SET_VALUE, ruhusa ya kuandika, au tumia CreateKeyEx, ambayo hufungua kwa kuandika na kuunda ufunguo kama haupo. Chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software hapo hutahitaji idhini ya msimamizi.

Ila kumbuka sehemu hiyo ni ya mtumiaji mmoja, na inakaa kwenye faili yake ya NTUSER.DAT. Keshia wa asubuhi na wa jioni wakiwa na akaunti mbili, kila mmoja ana mipangilio yake. Kwa printa ni sawa. Kwa njia ya faili ya data ni balaa, kwa hiyo hiyo iandikwe HKEY_LOCAL_MACHINE, sehemu ya kompyuta nzima, wakati wa kusakinisha, msimamizi akiwepo.

Na hapo HKEY_LOCAL_MACHINE ndipo penye mtego ninaoulizwa kuliko yote. Kompyuta nyingi za huku ni za mtumba, na utakuta Python ya biti 32 juu ya Windows ya biti 64. Programu ya biti 32 ikiandika HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\DukaLangu, Windows huipeleka kimyakimya Software\WOW6432Node\DukaLangu. Kesho unaleta toleo la biti 64, linasoma njia ileile, linajibiwa FileNotFoundError. Mwenye duka ataapa kwamba umemfutia mipangilio. Dawa ni kuchagua upande mmoja na kuutaja kila unapofungua, kusoma na kuandika: KEY_READ | KEY_WOW64_64KEY kwa kusoma, KEY_SET_VALUE | KEY_WOW64_64KEY kwa kuandika. HKEY_CURRENT_USER\Software haina usumbufu huo, isipokuwa sehemu chache za Classes.

Aina ya thamani nayo ni juu yako. QueryValueEx inarudisha jozi, thamani na aina yake. Angalia zote mbili. REG_DWORD ni namba kamili ya biti 32, haijui sehemu za desimali. Kiwango cha dola mimi nakiandika kama maandishi, REG_SZ, kwa nukta daima. Windows zetu ni za Kifaransa: sDecimal, alama ya desimali iliyo chini ya HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\International, kwa kawaida ni mkato, na float("2850,50") inagoma. Mkato uonyeshe kwenye skrini tu. Na usiibadilishe sDecimal ili kurahisisha kazi yako, maana Excel ya mwenye kompyuta nayo inaitegemea.

Halafu kuna umeme, ambao huku hauagi ukiondoka. Ulichoandika hukaa kwanza kwenye kumbukumbu, na Windows hukipeleka diskini baadaye kwa wakati wake, CloseKey haiharakishi. FlushKey inalazimisha, lakini ni nzito. Iite baada ya kubadilisha kiwango cha asubuhi, si baada ya kila risiti.

Siku ya kuondoa programu, DeleteKey itakataa ufunguo wenye vifunguo ndani yake. Anza na vya chini kabisa ukipanda. Kabla ya hapo toa nakala kwa amri hii (HKCU ni kifupi cha HKEY_CURRENT_USER): reg export HKCU\Software\DukaLangu nakala.reg. Mteja akirudi, unaibofya faili hiyo mara mbili na mipangilio yake inarejea.